Kata ya Mtu wa Doha

Musyoka alipanda Kaloleni kwa wakwe zake Ijumaa ile na mizigo mitatu, na kila mmoja ulimtia wasiwasi kwa namna yake: dumu la pombe ya mnazi, kompyuta yake ya mapajani, na shangazi yake Trizah.

Dumu lilikuwa la desturi. Kwa Wagiriama habari za mahari hazisemwi kwa mdomo mkavu, na hata mtu kama Musyoka, aliyekwisha kuishi na binti yao Phoebe kule Kibarani mpaka wakapata watoto wawili, siku akija kukamilisha mambo huja na mnazi kama mgeni aliyefika jana. Trizah alikuja kama mzazi, kwa sababu baba yake Musyoka alikuwa kwao Kitui, kifua kimemshika, hawezi safari. Trizah alikuwa karibu, Matsangoni, akiuza mitumba kando ya barabara. Alikuwa mwanamke wa wokovu, na alikubali kusindikiza dumu lile kwa sharti kwamba asiliguse. Njia nzima aliweka mkoba wake katikati, ijulikane nani yuko na nani.

Kompyuta nayo ililetwa kwa ajili ya Cliff, kaka mkubwa wa Phoebe, askari wa lango kwenye jengo moja huko Doha. Baba yao alikuwa amefariki, na pasipo baba, kifungua mimba ndiye mwenye kusema "nimekubali." Simu ingetosha. Lakini Mzee Mramba, mdogo wa marehemu na msemaji wa boma, alikuwa ametuma neno mapema kwamba hawezi kuzungumza mambo ya nyumba na mtu aliyemo ndani ya kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Alitaka kumwona Cliff mabega.

Basi Musyoka akaibeba. Ndiyo aliyokuwa nayo hiyo hiyo moja. Kwayo alichapa kadi za harusi na vijitabu vya mazishi, na kwayo watoto walikula. Aliiweka juu ya meza barazani, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, akaiunganisha na umeme na mtandao wa simu ya Phoebe, kisha akakaa pale alipoonyeshwa, kigoda cha chini kuliko vyote.

Wazee walikuwa wamekwisha kuketi. Mzee Mramba alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na alimtazama Musyoka kama mtu anayetazama mbali kuona kama mvua inakuja.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Unajua kwa nini tunaanza na mnazi?"

"Najua kidogo."

"Hicho kidogo chako ni kipi?"

"Ni heshima."

"Ni mlango," Mzee akasema. "Mnazi ukimiminwa ukapokelewa, mlango umefunguka. Ukipokelewa kisha ukamwagwa, mlango umefungwa, na aliyeufunga ni yule aliyemwaga. Kulikuwa na watu hapa chini, mjomba wa bwana harusi aliona nzi ndani ya kata ya kunywea, akaipindua. Nzi tu. Mbuzi walirudi kwao siku ile ile na msichana akaolewa kwingine, kule Bamba."

"Na nzi?" Trizah akauliza.

"Nzi alikuwa amekufa."

Musyoka akayatia akilini. Mpaka Cliff atamke neno lake, mtoto wake wa kwanza Whitney na mdogo wake walikuwa watoto wa boma hili, si wake. Mwaka uliopita alitaka kumpeleka Whitney Kitui akaonwe na babu yake kifua hakijazidi, akaambiwa, kwa upole kabisa na baada ya kupewa wali, kwamba mtoto hasafirishwi na mtu aliyemzaa tu. Alirudi Kibarani akampigia baba yake simu. Baba yake akasema hamna neno, atangoja. Na mtu mwenye kifua kile akisema atangoja, unaelewa.

Cliff akatokea kwenye kioo, amevaa sare, nyuma yake maboksi. Ilikuwa saa yake ya chakula cha mchana.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba! Marahaba! Umenona!"

"Ni shati, baba mdogo. Walinipa la mtu mwingine."

"Mabega nayaona," Mzee Mramba akasema, akaridhika.

Kikao kikaanza. Mzee akachota mnazi kwa kata ya kifuu, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, akanywa, akapitisha. Wazee wakanywa. Musyoka akanywa. Trizah akagusa mpini wa kata kwa ncha ya kidole akasema "Bwana asifiwe," na baada ya kutazamana wazee wakaona hilo nalo lihesabiwe.

"Mnakunywa peke yenu?" Cliff akauliza kule kwenye kioo, akicheka. "Huku sisi tunakunywa maji ya chupa na jua."

Ulikuwa mzaha. Mzee Mramba hakuusikia kama mzaha. Aliijaza kata upya mpaka ukingoni.

"Mwanangu umesema kweli. Katika boma hili hakuna mtoto wa kiume aliyewahi kukaa kikao cha mahari mdomo mkavu. Baba yako asingekubali, na mimi sikubali."

"Asante, baba mdogo."

Musyoka alidhani Mzee atainua kata juu, kama watu wanavyofanya, kisha anywe kwa niaba. Hata akatabasamu. Mzee Mramba akasimama, akaisogelea meza, akainama, akautafuta mdomo wa Cliff kwa macho yake yale, na alipoona amekaribia akaielekeza kata, akaiinamisha taratibu, bila kutetemeka, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

"Kunywa polepole," akasema. "Ni wa asubuhi."

Ukaishia wote juu ya kibodi.

Wazee wawili watatu waliitikia kwa vichwa kuonyesha kwamba Cliff amepewa haki yake. Povu lilisimama kidogo juu ya herufi, halafu likaanza kuzama katikati yake, likitafuta njia kama siafu.

Sasa, mtu anayekula kwa kompyuta anaijua dawa ya kwanza hata akiwa usingizini: zima, chomoa, pindua. Mkono wa Musyoka ulikuwa umekwisha kuinuka. Ukabaki hewani. Kuzima, atamzima Cliff kabla hajatamka neno. Kupindua, atakuwa amepindua mnazi wa mahari mbele ya macho ya wazee, mnazi uliopokelewa, na mbuzi wa mahari aliokwisha kuwatanguliza wangekuwa Matsangoni na shangazi yake kabla ya alasiri. Akaushusha mkono akaupangusia suruali. Kitu pekee alichoweza ni kunyoosha mguu chini ya meza na kuichomoa chaja kwa kidole gumba cha mguu. Hilo alilifanya.

"Mbona umekaa hivyo?" Trizah akamnong'oneza. "Kama mtu mwenye jipu."

"Nimekaa tu, shangazi."

"Kompyuta yako imelowa."

"Nimeona."

Kwenye kioo herufi zilianza kujiandika zenyewe mstari mzima, k, k, k, k, kama mtu mwenye kigugumizi. Kisha sauti ikapanda yenyewe. Cliff, asiyejua lolote, akawa anaongea kwa ngurumo ya mhubiri wa sokoni.

"Basi wazee wangu! Mimi kama mwana wa kwanza wa nyumba hii! Nimesikia, na nimeona, na huyu bwana namjua! Nimekubali! Lakini..."

Kioo kikawa cheusi.

Walingoja. Mzee Mramba akakisogelea akakigonga kwa kucha.

"Amesema lakini."

"Amesema," mzee mwingine akathibitisha.

"Lakini nini?"

Wote wakamtazama Musyoka, kana kwamba lile neno limeangukia mfukoni mwake.

Phoebe akapiga simu ya Cliff. Imezimwa. Saa ya chakula ilikuwa imekwisha, na kule askari huacha simu zao kwenye kabati mpaka zamu iishe. Basi wazee wakaanza kuitafuta wenyewe ile lakini. Mmoja akasema ni blanketi la mama, halijatajwa. Mwingine akasema hapana, ni mbuzi mmoja aliyekuja akichechemea. Trizah akasema huenda kijana alitaka kusema lakini Mungu ni mwema.

"Watu hawasemi lakini hapo," Mzee Mramba akamwambia.

"Basi tumwulize kwa simu akitoka kazini," Musyoka akasema.

Mzee akatikisa kichwa. "Amenyweshwa humu. Neno lake amelianzia humu. Atalimalizia humu humu. Hiyo simu haijanyweshwa."

Macho yakageukia simu iliyokuwa mkononi mwa Phoebe. Phoebe, aliyekuwa ametoka jikoni na sahani, akaitia kifuani.

"Hii imeokoka. Mwulizeni shangazi."

"Ameni," Trizah akasema.

"Basi mrudishe Cliff," Mzee Mramba akamwambia Musyoka.

"Baba, siwezi kumrudisha bila kuipindua."

Wazee wakasogezeana vigoda. Walizungumza Kigiriama chini chini, kwa muda wa kutosha kumfanya Musyoka aone mnazi ukizama na kwisha kwenye upande wote wa kushoto wa kibodi. Aliwaza Kitui. Mwishowe Mzee Mramba akainuka.

"Mwenye kuumwaga akiwa mkwe, ndilo kosa. Mwenye kuumimina akiutaka tena, ni wake. Nimemimina mimi. Nitapindua mimi."

Akaishika kompyuta kwa mikono miwili, akaigeuza kichwa chini juu ya ukingo wa baraza. Mnazi ukatiririka mchangani, mwingi kuliko Musyoka alivyotegemea.

"Hata wa kale wamepata tena," Mzee akasema. "Leo wamekunywa sana."

Ndipo Musyoka akampigia Alamin, fundi wake wa Kilifi mjini, mtu wa maneno ya taratibu.

"Kimemwagika nini, ndugu yangu? Chai, soda, sharubati?"

"Mnazi."

"Astaghfirullahi. Wa leo au wa jana?"

"Kuna tofauti?"

"Kwangu mimi yote haramu. Kwa kibodi, wa leo una sukari zaidi, utaganda kama gundi. Umeiwasha tena kuona kama ni nzima?"

"Bado."

"Mola akulinde na mkono wako. Usiiwashe. Fungua chini, toa betri. Tafuta spiriti ya duka la dawa, ile nyepesi, na brashi laini, usugue kila herufi mpaka utamu utoke. Kisha uisimamishe kama hema, mahali pakavu, penye hewa, pasipo jua. Usiiweke juani, mtaikausha kama papa wa chumvi. Wala usiizike kwenye mchele. Mchele hauvuti sukari, na punje zikiingia nitakuwa natoa pilau kwa kibano. Iache mpaka Jumapili."

Musyoka akayarudia kwa sauti ili wote wasikie.

"Pakavu, penye hewa, pasipo jua," Mzee Mramba akasema. "Si uchaga huo?"

Na kweli, katika boma lile mahali pakavu kuliko pote palikuwa uchaga, ile dari ya fito iliyo juu ya mafiga, ambapo mahindi hukaa mwaka mzima yasiote ukungu. Hayakauki kwa jua. Hukauka kwa moshi na joto la jiko.

"Moshi hautakiwi," Musyoka akasema polepole.

"Basi moto uzimwe."

Mwenye jiko alikuwa Hannah, mama yake Phoebe, na mkwewe alikuwa hajawahi kumwomba kitu kikubwa kuliko chumvi. Hannah alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Akamtazama Musyoka, akamtazama shemeji yake Mramba, kisha akayabeba mafiga yake moja moja akayapeleka nje ya jiko, juani, pamoja na sufuria ya wali wa wageni, asiseme neno. Ule ukimya wake ulisikika mpaka barabarani.

Phoebe alikwenda kwa bodaboda kununua spiriti. Alipokaa na mumewe kusugua herufi, mmoja akishika tochi na mwingine mswaki mpya wa mtoto, alimwambia bila kuinua macho:

"Ungeipindua tu."

"Ningeipindua ungeolewa Bamba."

"Bamba kuna watu wazuri."

"Phoebe."

"Sugua hiyo. Bado inanata."

Kompyuta ikapanda uchagani, ikasimamishwa kama hema katikati ya magunzi. Jumamosi asubuhi majirani wakaanza kuja kuijulia hali. Wanawake waliingia jikoni, wakainua vichwa, wakauliza imelalaje. Mtu mmoja aliyekuwa na kifo kwao alitaka kujua kama itapona kabla ya mazishi, maana kijitabu cha marehemu kilikuwa ndani yake. Musyoka alipanda mara kwa mara kufukuza sisimizi. Walikuwa wamepata habari kabla ya majirani.

Jioni ile Cliff akampigia mama yake. Hannah alikuwa amesema tu "haloo mwanangu" wakati Mzee Mramba alipoichukua simu mkononi mwake.

"Cliff. Usiseme neno. Ulianza na lakini, ukae nayo hivyo hivyo mpaka Jumapili saa yako ya chakula. Ukiitoa kwa vipande itaharibika." Akakata.

Musyoka alisimama hatua chache tu kutoka pale. Angeweza kuomba ile simu, aulize neno moja tu, alale. Hakuomba. Alilala kitanda cha wageni akiihesabu dari, na ilikuwa ya makuti, haina cha kuhesabu.

Jumapili alileta dumu jipya, kwa kuwa lile la kwanza wazee walikuwa hawajaliacha lilale. Kompyuta ikashushwa. Ilinuka spiriti, moshi wa zamani na togwa. Musyoka akarudisha betri, akafunga skrubu, akaomba Kikamba kimoyomoyo, akabonyeza.

Ikawaka.

Wazee wakapumua. Lakini upande wote wa kushoto wa kibodi ulikuwa umekufa, na mlango wa kuingilia ulitaka neno la siri. Musyoka akafungua kibodi ile inayotokea kwenye kioo, akawa anagusa herufi moja moja kwa mshale, huku boma zima likiwa nyuma ya bega lake. Phoebe akazitamka moja moja kwa wale wasioona.

"Ni jina la Whitney," Hannah akasema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia mkwewe tangu Ijumaa.

"Ndiyo, mama."

Cliff akatokea, na maboksi yake, na shati lake la mtu mwingine. Mzee Mramba akamtazama mabega kwanza.

"Mwanangu. Ulikunywa?"

"Nilikunywa, baba mdogo. Zamu nzima nilikuwa nasikia kizunguzungu."

"Vizuri. Endelea ulipoishia."

Musyoka alikuwa ameshika magoti yake. Trizah alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

"Nilisema nimekubali," Cliff akasema. "Lakini Phoebe hamkumwuliza."

Wazee wakatazamana.

"Tumwulize nini?" mmoja akasema. "Ana watoto wawili."

"Kabla kata haijazunguka, binti anaitwa, anaulizwa: tunywe au tusinywe? Ndiyo desturi yenu, si yangu. Mlikunywa wote Ijumaa mpaka mimi mkaninywesha. Yeye alikuwa anaosha sahani."

Kwa mara ya kwanza siku zile tatu Mzee Mramba hakuwa na hadithi ya watu wa hapa chini.

"Mimi niliulizwa," Hannah akasema kutoka mlangoni. "Niliwaweka wanaume mpaka kivuli kikahama. Marehemu aliniambia alijikojolea kidogo."

"Mama!" Phoebe akasema.

"Ndiyo ukweli."

Basi Phoebe akaitwa rasmi. Akaja katikati ya baraza, unga wa muhogo mikononi, leso kiunoni. Mzee Mramba akachota mnazi, akamwinulia kata kwa mikono miwili, akamwuliza kwa maneno yanayopasa: huu ni mnazi wa mtu huyu, Musyoka wa Kitui, tunywe, au tusinywe?

Musyoka alijua atajibu nini. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka. Hata hivyo Phoebe alipokaa kimya akimtazama, alijikuta hajui kitu, kama kijana aliyekuja kuona nyumba kwa mara ya kwanza. Kitui kulikuwa mbali sana. Kule kwenye kioo Cliff alikuwa anaangalia saa yake ya mkononi.

"Phoebe," Musyoka akasema.

"Wewe huulizwi."

Akafuta mikono kwenye leso. Akaiendea meza, akaishika kompyuta na kaka yake ndani, akaihamisha mpaka dirishani, mbali kabisa na mkono wa Mzee Mramba. Ndipo akarudi, akaipokea kata, akanywa kwa utulivu, akampa mumewe.

"Kunyweni," akasema. "Cliff, wewe rudi kazini."